Mbaazi za Nyota Mbili

Wardah wa Kisauni, mshona mabuibui, alikuwa na ulimi wa kuonja, na akiuringia huo! Akienda kula mahali, Nyali au Kiembeni, hajafika nyumbani simu iko mkononi, anaandika mtandaoni: nyota nne hapa, nyota moja pale, samaki wamelala kwenye barafu wiki nzima, chapati ngumu kama soli. Watu wasiomjua wakamsoma na kumwamini. "Wallahi mimi sisemi uongo," hiyo ndiyo kauli yake, kana kwamba pwani nzima mkweli ni yeye peke yake.

Alikuwa na shoga yake wa miaka thelathini, Mwanarehema, aliyesoma naye chuoni na kumsindikiza siku ya harusi yake. Mwanarehema alikuwa na hoteli ndogo ya mbaazi na mahamri nyuma ya soko. Jumamosi moja Wardah alikwenda akala akashiba, akainuka na maneno yake ya siku zote: "Tamu! Mikono isichoke, shoga." Kisha akapita jikoni kunawa, akaona kwenye pipa la taka pakiti tupu za tui. Tui la dukani! Alasiri ile ile akaandika: "Mbaazi za tui la pakiti. Ukitia mdomoni tu unajua. Halafu mwenyewe anakuandalia kwa mkono wa kushoto, adabu hakuna. Nyota mbili."

Rispa, mwalimu wa chekechea kutoka bara aliyepanga chumba kwa Wardah, alisoma akamtolea macho. "Wardah, huyu si ni beshte yako? Ungemwambia tu."

"Ukweli ni ukweli."

"Ukweli gani? Usoni kila siku unamwambia ni tamu, kwa simu ukamchoma."

"Nyinyi watu wa bara mwajua nini kuhusu nazi?"

Rispa alisonya, akaingia chumbani mwake. Na alikuwa na haki ya kusonya, maana maneno hayo yalikuwa ya ufedhuli mtupu.

Wiki ya pili, ofisi iliyokuwa ikiagiza chai ya asubuhi ya wafanyakazi wake wote ikapiga simu: basi, msilete tena. Meneja alikuwa amesoma. Mwanarehema akabaki na sufuria nzima na nzi.

Ijumaa akatuma mtu, Wardah aje. Wardah akaenda kifua mbele, jibu lake analo. Kufika, hoteli imejaa majirani, wanawake tupu, na Rispa kati yao, wamekaa wanamngoja. Hapo hahitaji mtu kuambiwa: amekuja kusutwa.

"Karibu, bibi," alisema Mwanarehema. Bibi! Miaka yote hiyo ni shoga, leo bibi. "Ulimi wako mashuhuri siku hizi. Haya, mabakuli mawili haya. Moja nazi nimeikuna mwenyewe alfajiri, moja tui la pakiti. Rispa alisimama jikoni akaona kwa macho yake. Onja utwambie."

Wardah akaonja hili, akaonja lile. Akarudia. Jasho likamtoka chini ya mtandio.

"Hili," akasema, akigusa bakuli la bluu. "Hili ndilo la nazi ya kukuna. Hata mtoto angejua."

"Hilo ni la pakiti," alisema Rispa.

Vicheko hivyo! Mmoja akapiga kigelegele, wengine wakaitikia. Mwanarehema peke yake hakucheka.

"Kwa hivyo hukuonja kitu. Ulichungulia pipa langu la taka, ukawaambia watu umeonja. Muongo wee!"

Wardah alitamani ardhi ipasuke immeze. Akainuka atoke, na mdomo kwa mazoea yake ukajisemea wenyewe: "Mikono isichoke..."

"Wa kulia umeshachoka!" Mwanarehema alipiga ukelele. "Tangu Maulidi bega limekaza, hauinuki hata kujifunga leso. Pakiti ni kwa sababu hiyo, na kushoto ni kwa sababu hiyo. Leo nimekuna nazi moja tu, nimelia. Mkono wa kushoto uliuona, ukauandika. Wa kulia una nini, hukuuliza. Toka!"

Wardah alifuta maneno yake siku ile ile. Ofisi haikurudi. Usingizi pia haukumjia vizuri, na ilimstahili.

Kesho yake asubuhi alitoka na mbuzi yake ya kukunia nazi kwapani, na nazi tatu kikapuni. Alikuwa ameshaamua: atajifunga leso, atakaa chini amkunie mwenzake, na kesho, na keshokutwa, inshallah mpaka bega lipone. Alipofika mlangoni sufuria ilikuwa inatokota, harufu imejaa njia nzima.

"Shoga," aliita, kwa sauti ndogo.

Mwanarehema akamtazama yeye, akaitazama na mbuzi. Akachukua mfuniko kwa mkono wa kushoto, akaifunika sufuria.

"Mbaazi zimekwisha, bibi."