Ngege wa Sanduku la Stima

Harufu ya rangi ya mafuta ikichanganyika na ya samaki wa kukaanga hunirudisha Kibuye, miaka ya sabini, mbele ya sanduku la kijivu la nyaya za stima lililosimama langoni mwa soko. Baba alikuwa mchoraji wa mabango. Tulikuwa tumehamia Kisumu kutoka Nyeri. Afisa mmoja wa mji alimwambia alipambe sanduku lile kwa picha ya ziwa. Watu wa soko wakiipenda, angepewa masanduku mengine yote. Wasipoipenda, tungefunga virago, maana kazi ya mabango ilikuwa imekauka. Mimi kurudi Nyeri sikutaka, ng'o! Nilikuwa nimeshampata Atieno, rafiki yangu wa kwanza.

Baba akachora ngege mkubwa akiogelea. Kwetu hatukuwa watu wa samaki. Baba hakuwahi kumtia mdomoni, na ngege pekee aliowahi kuwatazama vizuri ni wale wa kwenye karai la mama yake Atieno, aliyekaanga hapo langoni. Basi akamchora vilevile alivyomwona, na mikato mitatu ya kisu ubavuni.

Mama Atieno akashika kiuno. "Yawa! Baba Wanjiru, hii samaki imekatwa ya kukaanga na bado inaogelea?"

Soko likaangua kicheko. Baba alijichekesha tu. Mimi nililia waziwazi, nikijua tumekwisha. Mama Atieno aliponiona, alifuta mikono, akachukua ngege mbichi asiyeguswa na kisu, akamshikilia mbele ya baba mpaka akamaliza kumkagua mapezi na magamba. Kisha akamkaanga, akamwekea na ugali. "Sasa kula. Utachora aje kitu unaogopa?" Baba akala, akitoa mwiba mmoja mmoja, jasho likimtiririka. Alipochukua brashi afute mikato, akina mama wakapiga kelele, "Wacha moja! Hiyo ni ya kwetu." Akaifuta miwili, akauacha mmoja. Tukabaki Kisumu, na baba alizikwa hapa hapa.

Sanduku lile liliondoka zamani na kutu yake. Mwezi uliopita niliwakuta vijana wakipamba jipya palepale. Ngege wao ni hodari, kila gamba mahali pake, kumshinda wa baba, nasema kweli. Lakini nilijikuta nimeinama, mtu mzima na mvi zangu, nikitafuta mkato ubavuni mwake.

"Mama, umepoteza kitu?" kijana mmoja akaniuliza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Hebu nipe hiyo brashi kidogo."