Shangazi Alivyoipa Mgongo Pwani ya Afrika Kusini

Shangazi yangu alikwenda pwani ya Afrika Kusini akarudi hajaiona. Nalisema hili kwa mapenzi, lakini mapenzi nayo yana mpaka.

Tulikusanyika kwake Sib, hapa Maskati, jioni moja kumpa mkono wa safari, kama ilivyo ada yetu: mtu akirudi, jamaa huja, hunywa kahawa, hula halua, husikiliza. Mimi nilikuwa na langu moyoni. Mwakani naolewa, na mamamkwe wangu mtarajiwa alikuwa amekaa pale pale kwenye zulia. Mimi na mchumba wangu tulishakubaliana kwamba fungate twende pwani ile ile. Mamamkwe hataki. Kwake yeye fungate ni siku saba bibi harusi kafungiwa ndani, kapambwa, anapikiwa, nje hatii mguu. "Bibi harusi gani wa kupanda majabali?" aliniuliza siku moja. Mwisho akasema atangoja kwanza asikie habari kwa mtu aliyefika. Mtu mwenyewe ndiye shangazi.

Pwani ile naijua, ingawa shule sikwenda nayo mbali. Nauza vitambaa vya abaya mtaa wa Hamriya, na adhuhuri, duka likifungwa na mji ukilala kwa joto, mimi hujilaza nyuma ya majora nikaangalia video kwenye simu. Nimeona Knysna, bahari inavyopenya kati ya majabali mawili ikaingia nchi kavu na kutulia kama ziwa. Nimeona msitu wa Tsitsikamma, na daraja linalobembea mdomoni mwa mto, mawimbi yakichemka chini yake. Na nyangumi, wanaokuja na watoto wao karibu na ufukwe hata mtu akawatazama amekaa kwenye jiwe. Hao ndio walionimaliza. Mara ya kwanza nililia, mteja akaja akadhani nimefiwa.

Basi shangazi akaunganisha simu yake na televisheni. Picha ya kwanza, shangazi. Ya pili, shangazi na mumewe. Ya tatu, shangazi kaipa bahari mgongo, na kule nyuma kitu cheusi kinarusha maji juu.

"Shangazi, huyo nyangumi," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Hapo, nyuma ya sikio lako."

Akaisogelea televisheni. "Mie nilidhani jiwe. Nilikuwa naangalia kama shela limenikaa."

Kosa lao lilianzia hapa hapa Maskati. Sisi mwezi wa saba tunakimbia joto, tunakwenda Salala, kusini mwa nchi, kunyeshewa manyunyu na tunafurahi. Wakadhani na huko ni manyunyu tu. Wakafungasha nguo nyepesi na ndara. Kumbe mwezi wa saba kule ndio baridi yenyewe, na upepo unatoka ncha ya dunia.

"Na daraja?" nikamuuliza.

"Nimeliona nimo garini. Mtu na akili zake apite juu ya bahari kwa kamba, anatafuta nini?"

"Na mapango?"

"Giza."

"Na mbuni?"

"Kuku mkubwa asiye adabu. Kamchomolea kofia huyu bwana," akamwonyesha mumewe aliyekaa ubavuni.

Binamu zangu wakacheka, kisha wakauliza bei ya simu huko. Hao nao hawakuuliza habari za msitu, wenye miti iliyokuwepo kabla ya babu wa babu zetu. Picha aliyoipiga shangazi kwa moyo wake wote ni ya sahani ya biriani. Amevuka Afrika nzima kwenda kula kitu tunachokila hapa hapa mjini, Ruwi, halafu akatwambia ya Ruwi ni tamu zaidi.

Mimi sikucheka. Kila neno lake lilikuwa linanifungia safari, na mamamkwe, kikombe mkononi, anasikiliza kila kitu.

"Sasa mlikuwa mnafanya nini?" akauliza hatimaye.

"Tufanye nini, bibie? Siku mbili za mwanzo tumezungushwa na gari, kisha tumejifungia. Mvua nje, upepo nje. Chumba kizuri, sitaki kusema uongo, kina dirisha kubwa kama ukuta, linatazama bahari. Lakini mie na huyu bwana wiki nzima humo humo! Nnakwambia tumechokana."

"Nje hamtoki?"

"Tutoke tukafe?"

"Na chakula?"

"Kinaletwa mlangoni."

Mamamkwe akakitikisa kikombe, ishara kwamba kahawa imemtosha, akakiweka chini.

"Basi hiyo ndiyo fungate," akasema. "Na waende. Tena mwezi huo huo wa saba, wasije wakapata jua wakazurura."

Sebule nzima ikaangua kicheko, isipokuwa shangazi, ambaye hakuelewa amesema jema gani. Nikaenda kumbusu mamamkwe mkono, machozi yananilenga. Kisha nikarudi kwa shangazi, kwa sababu kuna jambo lilikuwa linanikereketa.

"Hilo dirisha, shangazi. Wiki nzima, nyangumi hakupita hata mmoja?"

"Nitajuaje, mwanangu? Pazia tulilifunga. Mwanga ulikuwa unatuharibia televisheni."