Mjukuu wangu ananywa maji ya kisima

Msimamizi, nakuomba ufiche jina langu, kwa maana binti yangu husoma ukurasa huu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka sabini na mmoja. Mke wangu alifariki, na ninaishi upande wa Bahati na mjukuu wangu wa kike wa miaka miwili. Mama yake, binti yangu wa pekee, anafanya kazi katika shamba la maua Naivasha. Huko hana mtu wa kumwachia mtoto, kwa hiyo aliniletea.

Kabla ya mtoto huyu kuja, siku nzima ingepita bila mtu kunisemesha. Sasa ninaitwa "Guka", yaani babu, tangu alfajiri. Ninampikia uji, ninamfulia, ninamsuka vibaya. Jirani mmoja hunicheka tukikutana kisimani: "Mwalimu, umekuwa mathe siku hizi? Imebaki kunyonyesha tu." Lakini moyoni mimi hufurahi.

Mwezi uliopita mtoto alianguka akaumia mdomo, nikampeleka kwa daktari wa meno mjini. Jeraha lilikuwa dogo. Kisha daktari akanitazama mimi. Meno yangu ni ya kahawia na yana vishimo, kama ya binti yangu, na kama ya wengi niliowafundisha. Nyumbani tuliamini kwamba binti yangu aliyarithi kwangu.

"Si urithi, mzee," daktari alisema. "Mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima. Lakini huwa ninayachemsha sana."

"Kuchemsha kunaua viini tu. Floraidi inabaki."

Alinieleza kwamba enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huharibika kwa sababu nyingi: homa kali utotoni, lishe duni, hata kuzaliwa kabla ya wakati. Huku kwetu, alisema, wengi anaowaona wameharibiwa meno na madini hayo ya floraidi, ambayo yamezidi katika maji ya visima. Meno ya ukubwani ya mtoto huyu yanajengwa sasa, ndani ya ufizi. Yakiota na madoa, mswaki hautayaondoa. "Mtafutie maji ya mvua," alisema.

Nilimtengea tangi langu moja la maji ya mvua. Mvua imekatika, na juzi tangi lilikauka. Maji yanayouzwa kwa mkokoteni nayo hutoka visimani, na ya chupa pensheni yangu haiyawezi. Nimerudi kumpa ya kisima.

Bibi yake mwingine, mama wa baba yake, anaishi Molo, ambako wana matangi makubwa na mvua nyingi. Amemwomba binti yangu mara nyingi ampe mtoto amlee. Binti yangu alikataa. "Baba yangu atabaki na nani?" alimwuliza.

Binti yangu huziba mdomo kwa mkono anapocheka, tangu alipokuwa shule ya upili. Nikimweleza niliyoambiwa, atakuja kumchukua mtoto mara moja, wala sitamlaumu.

Hunipigia simu kila jioni.

"Baba, mtoto amekula?"

"Amekula."

"Hakusumbui?"

"Hanisumbui."

Kisha hunishukuru kwa kumlelea mtoto, nami hupokea shukrani hizo na kunyamaza.

Ninawauliza ninyi kwa sababu nyumbani humu hakuna mtu mzima mwingine wa kumwuliza. Je, ningoje mvua irudi, au nimwambie leo akipiga?