Mowlid na Viumbe wa Ayan

Kaka yangu Mowlid alipoteza ngamia wake wote katika ukame, akahamia kwangu mjini, mtaa wa Waberi. Tangu hapo hakumtaja mnyama hata mmoja. Anaswali, anakula, anakaa.

Binti yake Ayan alikuwa akiomba kazi ya kubuni viumbe wa mchezo wa simu, na orodha ya viumbe hao ilitakiwa Ijumaa. Alikuwa amewagawa makundi matatu: wa moto, wa maji na wa hewa.

"Aabo, nisaidie," akamwambia baba yake. "Wenye mchezo wanasema kila mtu anagawa hivi."

"Mnyama hagawanywi hivyo," Mowlid akasema bila kuinua macho. "Wenye maziwa hukaa karibu na nyumba. Wasio na maziwa hupelekwa malisho ya mbali. Halafu kuna wa kubeba mizigo."

"Na joka nimweke wapi?"

"Ananyonyesha?"

"Aabo, ni joka."

"Basi aende mbali."

Mimi nilicheka. Mowlid hakucheka. Ayan akaandika yote, kisha akauliza, "Na waliokufa? Kwenye mchezo wanarudi."

"Hao wafute," baba yake akasema, akainuka kwenda kutawadha.

Kazi Ayan aliipata, alhamdulillahi. Baba yake alipoambiwa aliitikia kwa kichwa, akaomba chai.