Mke wangu alipiga goti na beseni, mimi nikaanza kumhesabia

Admin, jina langu lifiche, maana huku Mlandege tunajuana mpaka kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na nane, Mhehe, nimeoa kanisani, tuna watoto watatu. Shule niliishia la saba. Nanunua mpunga Madibira, nakoboa, nauza mchele dukani kwangu Ipogolo. Mke wangu ni mtu wa Mbeya, nitamwita Mama Eliza, siyo jina lake. Nyumbani yupo pia mama yangu mzazi, amepooza upande mmoja, mwaka wa pili sasa yuko kitandani.

Mwaka jana nilipimwa presha ikawa juu. Nesi akaniambia nipunguze kitambi, nifanye mazoezi. Nikamwambia, dada, huo muda nautoa wapi? Natoka nyumbani hakujapambazuka, nikirudi watoto wamelala. Akacheka, akasema siyo lazima uende jim, mwili wako wenyewe ndiyo mzigo wa kunyanyua, we chomeka kidogo kidogo katikati ya kazi zako. Basi nikachomeka. Maji ya kuoga yakiwa jikoni yanachemka, mimi uani napiga pushapu. Mashineni mpunga unakobolewa, mimi nachuchumaa na kusimama pembeni ya magunia, vibarua wananitania, "Mzee, unaatamia mayai?" Lori likisubiri kupakia, nadandia chuma cha bodi najivuta. Mteja akitoka dukani, naegemea kaunta najisukuma. Haikupita miezi mingi mkanda ukawa mkubwa, presha ikashuka, nikajiona kijana.

Hapo ndipo roho yangu ilipoharibika. Nikaanza kumwangalia mke wangu kama kitu kilichozidi nyumbani. Nikawa namwambia, "Mimi sina hata dakika nimeweza, wewe unayeshinda hapa unashindwa nini?" Nikampa jina, Gunia. Mbele ya watoto, "Gunia, leta chai." Akisema goti linamuuma, namwambia goti halina kosa, kosa ni huo ugali. Siku moja tu alinijibu. "Baba Eliza, hayo maji unayoyasubiri ukipiga pushapu zako, nani ameyabandika?" Nikamwambia asinijibu tena. Na ukweli ni kwamba mpaka anabandika hayo maji anakuwa ameshamgeuza mama yangu, amemwosha, amembeba kwa mikono yake mpaka kwenye kiti. Kila siku. Mimi hata mlango sijawahi kumshikia.

Mtoto wetu wa pili akapata kipaimara, tukaita watu. Ndugu, majirani, wafanyabiashara wenzangu. Kabla ya chakula mke wangu akaja na jagi na beseni, akapiga goti kwa mgeni wa kwanza kumnawisha, kama ilivyo kwetu. Alipotaka kuinuka aende kwa wa pili, nikasema, "Hapohapo Gunia. Leo unafanya mazoezi. Shuka, panda, na beseni usiliweke chini. Wageni, mhesabieni!"

Akaniangalia. "Baba Eliza, wageni hawa."

"Nimesema shuka."

Sikuwa nimelewa, nisiisingizie pombe. Akashuka, akapanda. Watu wakahesabu huku wanacheka, mmoja akasema, "Mwee, shikilieni vikombe, tetemeko hilo!" Maji machafu ya kunawa yanamwagikia kitenge alichoshonea sherehe ya mwanawe. Akashuka tena, tukasikia kitu kimelia kama kijiti kinavunjwa, akabaki chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Siwezi kunyanyuka." Wageni wote wakaacha kuhesabu. Mimi nikaendelea kuhesabu. Peke yangu.

Kilichoninyamazisha ni sauti ya mama kutoka chumbani, mdomo wake umepinda lakini kila mtu alimwelewa. "Huyo mnayemcheka ndiye ananinyanyua mimi! Wewe lini umeninyanyua?"

Hospitali walisema kitu kimechanika ndani ya goti, asibebe kizito tena. Kaka yake akaja, akamchukua kwenda kwao Uyole. Huu ni mwezi wa pili hajarudi.

Sasa kwetu mtoto wa kiume hamwoshi mama yake. Eliza, binti yetu pekee, yuko bweni, dada zangu wameolewa mbali, na mabinti niliowaajiri wameondoka mmoja baada ya mwingine, mama anawakataa. Mimi nikikaribia na maji anafumba macho, anasema, "Toka. Bora nioze." Na ameanza kutoka vidonda mgongoni. Nilijaribu kumnyanyua. Mimi huyu mwenye kifua. Mama akalia kama mtoto, kumbe sijui hata pa kushika.

Juzi nikampigia mke wangu, simu ikapokelewa na kaka yake. Akaniambia, "Shemeji, Jumapili baada ya ibada njoo na beseni lako. Utapiga goti mbele ya dada, utamnawisha, halafu utashuka na kupanda mpaka yeye aseme basi. Usiwe na wasiwasi, kuhesabu tutakusaidia." Nikasikia watu wanacheka nyuma yake. Kisha mke wangu akachukua simu, nikajua atanitetea. Akaniuliza, "Ukija, unanifuata mimi au unaifuata mikono yangu?"

Nikaangalia mlango wa chumba cha mama. Akasema, "Haya, nimesikia," akakata.

Leo asubuhi nimebandika maji mwenyewe. Yakiwa yanachemka nimejikuta niko chini napiga pushapu, mwili umeshazoea. Mama akawa ananiita. Nikamaliza kwanza.

Ndugu zangu, nitukaneni, nimestahili, ila mkimaliza mnishauri. Jumapili ndiyo hii. Kuchuchumaa naweza, hata wahesabu mpaka jioni. Lakini akiniuliza tena lile swali nikiwa nimepiga goti na beseni mkononi, nimjibu nini ambacho siyo uongo?