Timu Iliyokatazwa Kuiba

Mwalimu mkuu wetu alirudi kutoka semina ya Tororo na gunia nyuma ya bodaboda, na kabla hajashuka akaniita. Ndani ya gunia mlikuwa na magongo mawili ya chuma chepesi, mipira ya njano mikubwa kama machungwa yaliyolishwa vizuri, na glavu za ngozi, kila moja peke yake bila mwenzake. Nilidhani zile nyingine zimeanguka njiani. Baadaye ndipo nikajua kwamba mchezo wenyewe hutaka glavu moja tu kwa kila mtu.

"Mradi wa jamii," akasema. "Wasichana wa shule za huku na za ng'ambo ya mpaka watacheza softboli. Kocha ni wewe."

"Kwa nini mimi, mwalimu?"

"Wewe ni Mkenya. Wakenya mnajua kukimbia."

Nikamweleza kwamba Wakenya wanaokimbia wanatoka milimani, mbali sana, na kwamba sisi wa Busia hukimbia tukiona mtu wa forodha tu. Akacheka sana, akaniachia gunia.

Ni kweli nimezaliwa upande wa Kenya. Niliolewa Masaba, upande wa Uganda, na Msamia mwenzangu, kwa hiyo sikuona kama nimehama nchi. Niliona nimehamia kwa watu wanaosema "nakwenda" pale mimi ninaposema "ninakwenda". Watoto darasani walikuwa wakiniiga wakidhani sisikii.

Mchezo niliujifunza kwenye simu. Nilitazama video moja baada ya nyingine, na kila bando lilipoisha, mpira ulikuwa bado uko angani. Kwa muda mrefu sikujua mipira ile iliangukia wapi. Lakini nilielewa yaliyo muhimu: mmoja anarusha, mmoja anapiga kwa gongo, wa nyuma yake anadaka, na aliyepiga anakimbia kuzunguka vituo vinne vinavyoitwa besi mpaka arudi alipoanzia, na kila mzunguko ni pointi moja. Besi tulizitengeneza kwa viroba tulivyojaza maganda ya mahindi. Besi ya pili ililiwa na mbuzi katika wiki ya kwanza, na ya tatu akaionja. Gongo wasichana waliliita mchi, kwa sababu liliwakumbusha kutwanga, na walilishika hivyohivyo, wima, mpaka nikawageuza mikono mmoja mmoja.

Nilifundisha kwa Kiswahili, maana nusu ya wasichana walikuwa Wasamia na nusu Waiteso. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye kuiba.

Katika softboli, aliyesimama kwenye besi hana haja ya kungoja mwenzake apige. Mpira ukishatoka mkononi mwa mrushaji, kama mdakaji amezubaa, unachomoka na kuikimbilia besi ya mbele. Huko kunaitwa kuiba. Wasichana wangu walikuwa hawajaona jambo tamu namna hiyo. Kulikuwa na mmoja wa darasa la sita, mfupi kuliko wote, mtoto wa mama muuza chapati, ambaye alichomoka kama panya aliyeona paka. Nilikuwa nikimwona tu mdakaji anatazama pembeni, napiga kelele, "Iba! Iba! Iba!" na timu nzima inanipokea, "Iba!"

Uwanja wetu ulipakana na kanisa, kwa kuwa hapo tu ndipo palipokuwa tambarare. Na katekista wa kanisa lile alikuwa baba mkwe wangu. Jioni ile alikuwa ndani na watoto wa kipaimara. Ningependa kusema alikuwa akifundisha jambo lingine lolote, lakini walikuwa wamefika amri ya saba.

Sasa, kwetu Usamiani mkaza mwana na baba mkwe hawapeani mikono, hawakai pamoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Ni heshima, na mimi nilikuwa nikiiona nzuri, kwa sababu baba mkwe ni mtu wa maneno mengi. Akiwa na jambo na mimi, alikaa kwenye kigoda chake nje ya jiko, mimi niko ndani na moshi, na akamwambia mama mkwe, aliyesimama mlangoni, aniambie. Nilikuwa nikisikia kila neno. Na akikasirika, aliacha Kisamia akashika Kiswahili, ambacho alijifunza kwa wanajeshi na wauza mitumba. Alisema Kisamia ni cha kupendana.

Jioni ile alianza moja kwa moja kwa Kiswahili.

"Uliza mke ya mtoto yangu. Nani natuma yeye kufundisha watoto wizi? Mimi nasema usiibe, dirisha nasema iba. Mimi nasema usiibe, dirisha nasema iba! Watoto nacheka mimi!"

Mama mkwe akaingiza kichwa jikoni. "Baba anauliza kama chai iko tayari."

"Nimemsikia, mama."

"Basi mpe chai kwanza," akanong'ona. "Mtu hawezi kugombana akiwa na kitu cha moto mkononi."

Nilimtengenezea chai, mama mkwe akaipeleka. Alikunywa yote akiendelea kugombana.

Jumapili, baada ya misa, katekista alitoa tangazo. Hakunitaja. Alisema tu kwamba kuna mchezo umetoka Tororo ndani ya gunia, na wazazi wachunguze yaliyomo. Mama muuza chapati aliniambia waziwazi nje ya kanisa: "Mwalimu, huyu wangu anachomoa chapati tangu hajaota meno. Sasa wewe unamwongezea mbio?" Jumatatu walikuja wasichana watano tu, na hata hao walikuja kuuliza kama mazoezi yapo.

Mwalimu mkuu akaita kikao cha suluhu. Tatizo lilikuwa namna ya kukaa. Ofisi yake ni ndogo, ina meza na viti viwili, na mimi siwezi kukaa humo na baba mkwe wangu. Mwishowe yeye alikaa ndani na mwalimu mkuu, na mimi nikasimama nje, chini ya dirisha, ninautazama ukuta. Kuku wa shule walikuja kunichunguza.

"Mzee," mwalimu mkuu akaanza, "hakuna kinachoibiwa. Besi ni kiroba tu."

"Kiroba ya nani?"

"Ya shule."

"Basi naiba ya shule!"

Nikajibu kutoka dirishani, kwa ukuta: "Baba, haichukuliwi. Inakanyagwa tu, inabaki palepale."

Halafu akasema, si kwangu bali kwa mwalimu mkuu, "Huyo wa nje aseme: kama naacha kiroba palepale, kwa nini naita wizi?"

Nikajibu kwamba ndivyo nilivyolikuta neno hilo kwenye simu.

"Kuna neno gani lingine katika huu mchezo?" akauliza. Nadhani alikuwa akitafuta uzinzi. Nikamweleza kwamba kuna wakati mpigaji anaugusa mpira kidogo tu, makusudi, anajua yeye atatolewa, lakini mwenzake aliye kwenye besi anapata nafasi ya kusonga mbele. Yeye anatoka, mwenzake anasonga.

"Najua natolewa?"

"Anajua, baba."

"Na nakubali?"

"Anakubali."

Kiti kikalia. Nilisikia amesimama. "Hiyo," akasema polepole, "ni injili kabisa."

Kuanzia hapo mambo yakawa mepesi. Alikubali mchezo wote isipokuwa neno lile moja, na akatoa lake badala yake. Msichana asiibe besi, bali aiazime.

"Lakini baba," nikasema, kwa sababu mwalimu haachi kusahihisha, "kitu cha kuazima kinarudishwa. Huyu harudi, anaendelea mbele."

"Basi huyo naazima vibaya," akasema. "Lakini mwizi si yeye."

Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya mpigaji anayejitoa kwa ajili ya mwenzake, na akaonyesha mwenyewe, kwa mshumaa wa madhabahuni, jinsi gongo linavyoshikwa. Aliushika kama mchi. Wasichana wote walirudi, na wengine watatu wakaongezeka. Tukafanya mazoezi tukipiga kelele, "Azima! Azima!" mpaka mbuzi akalizoea neno.

Mechi yetu ya kwanza ya kweli ilikuwa dhidi ya wasichana wa Busia ya Kenya. Asubuhi walivuka mpaka na kocha wao, kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma na filimbi mbili shingoni. Walikuwa na fulana za kufanana. Sisi tulikuwa na sare za shule, na wengine walikuwa na viatu. Mwamuzi alitoka Tororo, dada mpole aliyekuja na kitabu cha sheria kwenye mfuko wa nailoni. Baba mkwe alikaa upande wa kanisa na wazee, mimi nikakaa upande wa pili na timu, uwanja mzima katikati yetu, kama inavyotakiwa.

Glavu zetu hazikutosha. Zaidi ya yote hatukuwa na ile nene ya mdakaji, kwa hiyo tulipatana na wenzetu kwamba kila zamu yetu ya kudaka ikifika, mdakaji wao atatuazima yake. Alikuwa msichana mpana, mwenye adabu sana. Kila zamu alimletea mwenzake glavu kwa mikono miwili, kama anamletea mgeni maji ya kunawa.

Basi zamu yetu ya kupiga ikafika, na mfupi wetu akawa kwenye besi ya kwanza. Mrushaji akaachia mpira, mdakaji akaudaka, na timu yangu ikanguruma: "Azima!"

Mdakaji akasimama. Akatazama glavu, mpira ukiwa bado ndani. Akatutazama sisi. "Sasa hivi?" akauliza. "Si mngoje kwanza tumalize?"

Mfupi alikuwa ameshafika besi ya pili, anajipangusa vumbi.

Lilitokea tena, na tena. Sikuwa nimepanga, naapa, lakini sikulizuia pia. Mara moja yule msichana aliivua glavu kabisa akaanza kutuletea, na wawili wetu wakapita. Kocha wake alikuwa akirukaruka. "Mbona unawapea? Wewe, mbona unawapea?"

"Wameomba, kocha!"

Walipokuja kuelewa tulikuwa tumewakaribia sana. Walikuwa wakituzidi kwa mzunguko mmoja tu, na tulikuwa kwenye zamu ya mwisho. Kocha akasimamisha mchezo. "Ref, hii ni ujanja! Hawa madem wanatubeba ufala, wanatufanya wajinga!" Mwamuzi akapekua kitabu chake ukurasa kwa ukurasa. Akasema hakuona mahali palipokataza kuazima. Kijana akageuka, akamwona mzee mwenye rozari kati ya wazee, akamwendea na kofia mkononi.

"Mzee, wewe ni mtu wa kanisa. Wanasema azima na hawaazimi kitu. Hiyo si uongo?"

Nilimwona baba mkwe ameshika kidevu. Ya saba tulikwisha kuimaliza. Sasa tulikuwa ndani ya amri ya nane, ile ya uongo, na ni yeye aliyetuingiza. Alifikiri mpaka mwamuzi akaketi.

"Ni uongo," akasema mwishowe, kwa uchungu. "Watoto naseme ile ya ukweli."

Mchezo ukaendelea. Wasichana wetu wawili walikuwa wameshatolewa, wa tatu akitolewa zamu imekwisha, na mfupi alikuwa tena besi ya pili. Akifika ya tatu, mpigo wowote ungemrudisha alipoanzia tukawa sare. Mrushaji akaachia mpira. Mdakaji akaudaka, akatazama pembeni kidogo. Ilikuwa nafasi yenyewe. Lakini nani angeipigia kelele? Mimi, mbele ya baba mkwe wangu? Wasichana walinitazama, nami nikavitazama viatu vyangu. Mrushaji akarudishiwa mpira. Akarusha tena, nafasi ikaja tena, kimya. Mfupi alikuwa akitetemeka pale kwenye kiroba kama jiko la mchina linalotaka kulipuka.

Mara ya tatu baba mkwe akashindwa. Akasimama, rozari ikaanguka, na kwa sauti ile ambayo huitia waumini siku ambazo kengele imeharibika, akapiga kelele:

"IBA, MTOTO YANGU! IBA!"

Walisikia mpaka senta, kule madukani. Alisikia mfupi, akachomoka. Na alisikia vizuri sana mdakaji, ambaye safari hii hakuombwa kitu. Mpira ulifika besi ya tatu mbele ya mtoto wetu, ukamngoja, ukamgusa bega. Mwamuzi akanyoosha ngumi: ametolewa, naye ni wa tatu. Mechi ikaisha hapo.

Baba mkwe akawageukia wazee, akakusanya rozari yake, akasema kwa utulivu wa mwalimu, "Naona? Mwizi nashikwa."

Mfupi alilia kidogo, mpaka mdakaji wa Kenya alipomletea soda nusu, kwa mikono miwili. Mama yake alileta chapati za timu zote mbili, na hakuna aliyehitaji kuchomoa. Kocha mwenye filimbi mbili alikula nne, akaniambia kwamba mechi ya marudiano tutakwenda kwao, na kwamba glavu ile ya mdakaji tubaki nayo mpaka hapo, tufanyie mazoezi. Tuliichukua. Msimu ule tulivuka mara nyingi, tukashindwa mara kadhaa zaidi, na tukashinda tulipozoea.

Lakini jioni ile tulirudi majumbani kwa miguu, msafara mzima, wasichana wakipokezana kulibeba gunia. Njiani kila aliyekutana nasi aliuliza ilikuwaje. Aliyekuwa akichota maji kisimani aliambiwa tumefungwa kwa moja. Wa posho mil, kwenye mashine ya kusaga unga, aliambiwa nusura tuwafunge. Waendesha bodaboda chini ya kivuli chao waliambiwa ilikuwa sare, na mfupi akawaonyesha bega lake. Mimi nilikuwa nyuma nimechoka, viatu mkononi, na safari hii niliacha kusahihisha. Na tulipofika senta, watu wakatoka madukani kutupigia makofi, kwa sababu tulikuwa tumeshinda.