Kilatini Ubavuni mwa Ng'ombe

Mama alitaka mabati, na mabati yalitaka ng'ombe auzwe. Shida yangu ilianzia hapo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nikiwa na miaka kumi na miwili na kichwa kigumu kuliko ukwato.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja tu, mweupe, mpole, na nilimpenda kuliko ndugu zangu. Wanisamehe, ila ndiyo kweli. Papa, aliyekuwa mwalimu wa Kilatini kwetu Kivu ya Kusini, hakuwa tena na darasa isipokuwa mimi, wala kitabu isipokuwa yule ng'ombe. Tukikamua, ananifundisha: vacca, ng'ombe jike. Lac, maziwa. Butyrum, siagi. Caseus, fromaji, yaani jibini, kitu ambacho sikuwahi kukionja ila nililazimika kukijua kwa jina. Hata mavi niliyozoa kila asubuhi yalikuwa fimus. Nilimwambia papa mavi ni mavi tu, akaniongezea maneno matano.

Basi mnunuzi wa Kakiika, kule Mbarara, alipotuma habari kwamba anakuja Jumamosi, nililia mpaka papa akachoka.

"Nitajie maneno ishirini ya ng'ombe bila kukosea," akasema, "na simuuzi."

Mama akacheka. "Huyu? Hata amri kumi zinamushinda!"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikasaga makaa, nikayachanganya na siagi ya mama, na Jumamosi asubuhi nikamwandika ng'ombe ubavu mzima wa kushoto: cornu karibu na pembe, cauda karibu na mkia, uber juu ya kiwele, na mengine popote palipobaki fasi. Papa alipokuja nikamwomba asimame upande wa kulia, eti leo ng'ombe anamwogopa. Akasimama, kiganja chake kimelala juu ya mbavu, uso mkavu wa siku ya mtihani.

Nilisoma vizuri, jamani! Maneno kumi na moja bila kupumua. Kisha inzi akamsumbua ng'ombe, ng'ombe akageuka, na Kilatini changu chote kikageuka naye. Papa akamfuata, kiganja palepale mbavuni.

"Umeshindwa," papa akasema, wala hakuuliza nilikuwa natazama nini.

Mnunuzi akafika kwa pikipiki. Akamzunguka ng'ombe mara moja, akaridhika. Mara ya pili akasimama.

"Banange! Mzee, nani aliandika hii ngombe?"

Nikajificha nyuma ya mama.

"Ni Kilatini," papa akajibu taratibu.

"Kilatini? Ile ya kwa chupa ya dawa?"

"Madaktari wanakitumia, ndiyo."

Yule bwana akainama, akalisoma kwa kunong'ona lile neno la juu ya kiwele, akarudi nyuma hatua mbili. "Daktari ameandika mpaka kwa maziwa! Iko na ugonjwa, mzee, na wewe unajua!"

Papa hakusema uongo hata mmoja. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko uongo. Mama, masikini, akakimbilia kumkaribisha mgeni chai ya maziwa. Ndipo mgeni alipowasha pikipiki bila hata kuaga.

Mama hakunipiga. Alinipa ndoo na kitambaa. "Umupanguze mwili mzima. Alama hata moja nisione."

Siagi ilikuwa imeshika kwelikweli. Nilisugua upande wa kushoto mpaka mikono ikaniuma, huku moyoni nachekelea. Nikazunguka kulia, upande ambao sikuugusa kabisa, na pale palipokuwa pamefunikwa na kiganja cha papa nikakuta neno moja, kwa makaa yangu na siagi yangu, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: nostra.

Mama alikuwa nyuma yangu. "Na hilo ni ugonjwa gani?"

"Ni 'wetu', mama. Ng'ombe wetu. Mimi sikuliandika, haki ya Mungu."

Akamtazama papa, aliyekuwa anachunguza paa letu la turubai kana kwamba analiona leo mara ya kwanza. Kisha mama akanipokonya ndoo, akamwaga maji chini.

"Hilo uliache," akasema.